Tazama Choo Kwanza, Dawa Baadaye

Mama yangu alipopiga simu kutoka Tanga akasikia mjukuu wake anafuga mjusi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Uingereza nzima paka wamekwisha. Simlaumu. Kwetu mjusi wa ukutani anaitwa mjusi kafiri, na jina lenyewe linakwambia hadhi yake: ni wa kupigwa kandambili, si wa kununuliwa nyumba ya kioo yenye joto lake. Lakini huku ughaibuni, ambako wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga zisizoruhusu mbwa, mjusi chui amekuwa jibu la wazazi wengi. Habweki, hahitaji kutembezwa mvuani, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hata 20. Yaani mtoto ataondoka nyumbani, mjusi atabaki na wewe. Fikiria hilo kabla hujalipa.

Si ndugu wa karibu wa yule wa ukutani. Asili yake ni nchi kavu za mawe na vichaka huko Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ana kope, kwa hiyo hufumba macho anapolala. Vidole vyake havinati kwenye kioo, naye hutembea chini kama mtu mwenye shughuli zake. Mkia wake mnene ndio ghala: mafuta ya akiba yamo mle. Ukiuona mkia unanywea, ujue ghala linaliwa.

Baridi ikianza tu, mwezi wa Oktoba hivi, napokea ujumbe ule ule kutoka kwa wazazi wenzangu: mjusi wa mtoto hali, anaharisha, amekonda, nimpe dawa gani ya minyoo? Nami huwajibu kwa swali ambalo huwaudhi: sakafu anayolalia ina nyuzijoto ngapi? Wengi hawajui. Wanajua kuna mkeka wa joto chini ya tangi na umechomekwa kwenye umeme. Hawajui zaidi ya hapo.

Nawauliza hivyo kwa sababu na mimi sikujua. Mjusi wetu wa kwanza anaitwa Bizari, mwanangu alimwita hivyo kwa ile rangi ya njano. Alikuja nyumbani ana kama miezi miwili na uzito wa gramu 9. Wiki ya pili nilikuta nyenje mzima kwenye kona ya tangi, amelowa ute, miguu yote ipo, kana kwamba amemezwa akarudishwa bila kuguswa. Kesho yake choo kilikuwa uji. Nikaingia kwenye mtandao, nikasoma majina ya vimelea hadi saa nane za usiku, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwamba mjusi ana kila ugonjwa niliousoma. Kipimajoto kilichogandishwa kwenye kioo kilionyesha nyuzi 29, nikaridhika. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya majokofu akaja na kile kipimajoto cha mkononi chenye umbo la bastola, akakielekeza sakafuni, pale pale mjusi alipolaza tumbo. Nyuzi 23.

Mjusi hana jiko lake mwenyewe tumboni. Sisi tukila wali, mwili unajipasha na kusaga. Yeye huazima joto kutoka chini anapolala, na bila joto hilo chakula hukaa tumboni bila kusagwa, kinaanza kuoza, kisha kinatoka kwa njia yoyote itakayopatikana, juu au chini. Upande wa joto, sakafu yenyewe inatakiwa iwe kati ya nyuzijoto 31 na 33 za Selsiasi. Upande wa baridi uwe 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Kipimo ni cha sakafu. Kipimajoto kilichobandikwa kiooni kinapima hewa ya pale juu tu. Na mkeka lazima uongozwe na themostati, maana usipoongozwa unaweza kupanda hadi kumuunguza tumbo naye yuko kimya tu.

Mtoto wa mjusi anayetapika, asiyekula au mwenye choo kilegevu, rekebisha joto kabla ya jambo lingine lolote, kisha umpe siku chache huku ukimwangalia. Angalia pia ukubwa wa chakula. Mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili. Nyenje mkubwa mwenye miguu migumu ni mzigo kwa kijusi cha gramu 9. Na usimshike-shike baada ya kula, hata kama mtoto ana wageni wa kuwaonyesha.

Sasa tuje kwenye choo chenyewe, ambacho watu wengi wanakifuta bila kukitazama. Mjusi chui ana tabia moja inayomrahisishia mfugaji kazi: huchagua kona moja na kwenda haja hapo hapo siku zote. Weka karatasi nyeupe ya jikoni kwenye kona hiyo. Choo kizuri kina sehemu mbili. Moja ni ya kahawia iliyoiva, imeshikamana, kama kipande kidogo cha tende. Ya pili ni nyeupe, ngumu kiasi, kama kipande cha chokaa. Huo ndio mkojo wake, kwa sababu viumbe wa nchi kavu hawamwagi maji ovyo. Ile nyeupe ikiwa ya njano iliyokolea na ngumu kama jiwe, mara nyingi amekaukiwa maji. Sehemu ya kahawia ikiwa uji, ina ute, ina damu, au ina vipande vya mdudu visivyosagika, au ikinuka hadi unaisikia ukiwa mlangoni, hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Choo kibaya cha siku moja hakitoshi kukutia hofu. Siku tatu mfululizo ni habari nyingine.

Kitu cha pili ni mizani. Ile ya kupimia unga haitoshi. Tafuta ndogo kama ya masonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, si ghali. Mweke mjusi kwenye kibakuli cha plastiki, toa uzito wa bakuli, andika. Mara moja kwa wiki, saa ile ile, kabla hajala. Karatasi yetu iko mlangoni pa jokofu na mwanangu ndiye karani. Bizari alitoka gramu 9 akafika 7.8 kwa wiki mbili. Kwa macho sikuwa nimeona tofauti yoyote. Kiumbe akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na huyu alishapita hapo, huo si wakati wa kusubiri tena.

Kuna hofu moja niwaondolee wale wanaopata mjusi aliyetoka yaini juzi. Kijusi cha gramu 3 kinaweza kukaa siku tatu hadi tano bila kula chochote. Bado kina kiini cha yai tumboni. Kitajivua ngozi mara ya kwanza, kitaila ile ngozi, kisha ndipo kitaanza kutafuta wadudu. Usikilazimishe. Baada ya hapo ndiyo kinatakiwa kula kila siku mpaka kikue.

Mchanga. Nitasema kwa kifupi kwa sababu nikianza sitamaliza. Duka nililomnunulia Bizari walimweka juu ya mchanga na kuniuzia mfuko wa mchanga huo huo, wakaniambia una kalisi ndani yake na hata akiumeza ni faida. Mtoto wa mjusi akimrukia nyenje hukosa mara nyingi, na kila akikosa anameza chembe. Akiwa na upungufu wa kalisi ndiyo kabisa, anaulamba kwa makusudi. Ukichanganya mchanga, baridi na ukosefu wa maji, utumbo unaziba. Dalili zake: siku nyingi bila choo, tumbo limejaa, anajikamua bila kitu kutoka, wakati mwingine kivuli cheusi kinaonekana kupitia ngozi ya tumbo. Ukimwona mapema, joto sahihi na maji ya vuguvugu ya nyuzi 30 hivi kwenye bakuli pana, yasiyopita viwiko vyake, kwa dakika 20 ukiwa umekaa hapo, huweza kusaidia. Usimmiminie mafuta ya kula mdomoni. Najua bibi zetu walitunywesha mafuta ya nyonyo na tukapona, lakini kijusi hiki kinaweza kuyavuta mapafuni kikafa kwa tiba kabla ya ugonjwa. Na ukiona nyama nyekundu imetoka nje kwenye tundu la haja, iloweshe kwa maji yenye sukari nyingi ili isikauke na uvimbe upungue, funga kitambaa kilicholowa, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa watoto wa mijusi, karatasi ya jikoni ndiyo sakafu bora. Haipendezi kwenye picha, lakini choo kinaonekana na hakuna cha kumeza.

Turudi kwa Bizari. Joto liliporekebishwa aliacha kutapika ndani ya siku nne. Hamu ya kula ikarudi. Choo, hata hivyo, kiliendelea kuwa kilegevu na uzito ukagoma kwenye gramu 8. Hapo ndipo minyoo ilipopata haki ya kutajwa.

Nilipeleka choo, sikumpeleka mjusi peke yake. Hilo ni jambo ambalo wengi hawalijui: daktari atataka choo kibichi, cha siku hiyo. Kitie kwenye kichupa au mfuko usiopitisha hewa ili kisikauke, na kama ni lazima kilale usiku, kiweke kwenye jokofu, si kwenye friza. Tafuta daktari anayezoea wanyama watambaao. Wa mbwa na paka anaweza kuwa bingwa kwa kazi yake lakini hajawahi kumshika mjusi. Piga simu kwanza uulize. Kama yuko mbali, baadhi ya maabara hupokea choo kwa posta, ila majibu utayahitaji yasomwe na daktari.

Daktari wetu alikuwa mwema, akaniita nitazame kwenye hadubini. Nilitarajia kuona mnyoo. Nikaona vitu kama vipande vya ndimu iliyokatwa nusu: upande mmoja umenyooka, upande wa pili umetuna, ganda linang'aa. Mayai ya minyoo midogo ya pini. Aliyahesabu kwa sauti hadi akaacha. Kisha akaniambia jambo lililonituliza zaidi ya dawa: minyoo hiyo wengi wa mijusi hawa wanayo, na ikiwa michache, mjusi mwenye afya haijui hata kama ipo. Tatizo ni wingi wake kwa mtoto aliyedhoofishwa na baridi. Wakati mwingine pia mayai yanayoonekana si ya mjusi hata kidogo. Ni vimelea vya mdudu aliyeliwa, vinapita tu kama abiria. Ndiyo maana majibu ya maabara peke yake hayatoshi kumpa mtu dawa. Yanasomwa pamoja na uzito na hali ya mnyama.

Kundi la pili la vimelea ni koksidia. Yeyote aliyewahi kufuga kuku analijua jina hilo, maana ndilo linalomaliza vifaranga kwa kuhara damu. Wale wa kuku hawahamii kwa mjusi, kila mnyama ana wake, lakini mwenendo unafanana: wakubwa wanabeba kimya kimya, wadogo wanaharisha na kukonda. Vijiyai vyake vikitoka na choo vinahitaji muda kidogo nje, siku moja au chache, kabla ya kuweza kuambukiza tena. Maana yake ukiondoa choo kila siku, umekata mzunguko bila hata senti moja ya dawa.

Lakini kuna mwizi ndani ya nyumba, naye ni nyenje. Ukimwaga nyenje 15 kwenye tangi na mjusi akala 9, wale 6 waliobaki hawakai bure. Usiku wanakula kinachopatikana, na kinachopatikana ni choo cha kwenye kona. Asubuhi mjusi anawala wao, na mayai ya minyoo yanarudi tumboni kama mtu aliyesahau kofia. Kwetu hilo lilikuwa kosa letu hasa. Tangu siku hiyo nyenje huhesabiwa wakiingia, na wasioliwa ndani ya dakika 15 wanatolewa. Kuna faida nyingine: nyenje wenye njaa humng'ata mjusi aliyelala, na nimeona kope za mmoja zilizoliwa hivyo.

Dawa. Daktari alimpa Bizari fenbendazoli, tone la kupimwa kwa uzito, akarudia baada ya wiki mbili, kwa sababu dozi moja huenda isimalize yote. Siandiki dozi hapa na usimwombe mtu akutumie kwa simu. Kwa mnyama wa gramu 8, tone moja la ziada ni sawa na wewe kunywa chupa nzima. Usitumie dawa ya minyoo ya mbwa iliyobaki kabatini, wala ile ya sindano ya ng'ombe ambayo wengine wetu tunaijua tangu nyumbani. Ivamektini huua kobe, na mtambaazi si mahali pa kufanyia majaribio nayo. Fenbendazoli nayo haigusi koksidia, na dawa ya koksidia haigusi minyoo. Anayekupa dawa bila kutazama choo anabahatisha, na mwili wa kijusi hauna nafasi ya kubahatisha.

Sasa kripto, na hapa sitatania. Jina kamili ni kriptosporidia, na aina inayowasumbua mijusi hawa inajulikana kwa kuharibu utumbo mwembamba. Mjusi anakula, au anakula kidogo, lakini haingii kitu mwilini. Mkia unakonda hadi unakuwa kama kijiti cha kiberiti, na wafugaji wana jina la hali hiyo linalotokana na umbo hilo hilo. Hakuna dawa inayoaminika kuiondoa kabisa. Zipo zinazopunguza wingi wa vimelea, mjusi akaonekana nafuu, na vimelea vikaendelea kutoka na choo. Kipimo cha kawaida cha choo huweza kuvikosa. Huhitajika rangi maalumu au kipimo cha PCR, na kwa kuwa vimelea hutoka kwa vipindi, jibu moja safi halitoshi. Pima tena, na tena.

Jamaa mmoja wa mji wa jirani, Mmombasa, alikuwa na mijusi 11, kila mmoja ana jina na cheti cha ukoo. Alimnunua wa 12 kwenye maonyesho kwa bei ya kutupa, akamweka kwenye rafu moja na wengine siku ile ile, akitumia koleo lile lile la kulishia. Mgeni alikuwa mwembamba kidogo. Alisema atanenepa. Baada ya miezi kadhaa alinionyesha daftari lake la uzito, safu nne zote zinashuka. Aliosha kila kitu kwa klorini, na klorini haiwezi kitu kwa kripto. Mvuke wa moto na kukausha kabisa ndivyo vinavyosaidia, na vitu vya mbao na mawe yenye vitundu ni vya kutupa. Saba waliishia kulazwa na daktari kwa sindano ya mwisho. Hakulia mbele yangu, ila aliyafunga yale matangi kwa gazeti kana kwamba ni vyombo vya kuhamia nyumba.

Kwa hiyo mjusi mpya akae karantini siku 60, na 90 ni bora: chumba kingine, karatasi ya jikoni, bakuli lake, koleo lake, na ahudumiwe wa mwisho, baada ya wote. Apimwe choo mara mbili au tatu ndani ya muda huo. Na hata baada ya hapo usiwaweke wawili tangi moja. Mmoja atakula, wa pili atakonda kwa woga, na choo kibaya ukikikuta hutajua ni cha nani.

La kalisi nalipitia haraka: wapake wadudu unga wa kalisi, na vitamini D3 kwa ratiba ya daktari, wadudu wenyewe walishwe karoti na mboga za majani siku moja kabla, maana nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Maji safi kila siku. Sanduku dogo lenye unyevunyevu la kujifichia.

Limebaki la watu wa nyumbani. Vimelea vyote nilivyovitaja havina haja na mwanangu. Bakteria wa salmonela ndio wenye haja naye, na mjusi mwenye afya kabisa anaweza kuwabeba. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba chini ya sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Penye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, waulize madaktari wa binadamu kabla ya kuleta mjusi. Wengine wote: sabuni na maji kila baada ya kumshika, hakuna kumbusu, hakuna kumtembeza mezani. Na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Sisi tulimnunulia ndoo nyekundu, ikakaa chini ya ngazi. Bizari ana gramu 52 sasa, choo chake cha mwezi uliopita kilikuwa na mayai mawili tu, na daktari akasema tumwache. Mama alipokuja Julai nilimweleza kila kitu: mikono, sinki, meza. Nikasahau kumwambia kuhusu ndoo. Nilirudi kutoka kazini nikaikuta jikoni imejaa maji, na ndani yake kunde za nusu kilo zimelowekwa za futari. Tulizimwaga, akanuna hadi magharibi, na siku iliyofuata mwanangu akaandika kwa wino mweusi pande zote nne: MJUSI.